Saa inayotoka 9 kwenda 16

Juzi kati chalii mmoja wa Sakina, hapa Arusha, alinitumia kivideo WhatsApp. Kaunga saa yake ya kwanza, Arduino (ile bodi ndogo ya kuprogramu), moduli ya DS1307 inayotunza saa na displei za tarakimu, vyote vinawaka safi kabisa, ila sekunde zinakwenda 7, 8, 9, 16, 17, 18. Chini kaandika "kaka hii moduli ni mbovu au nimepigwa?" Akaiweka na kwenye group letu, basi ushauri ukamiminika, huyu anasema kristali imekufa, huyu anasema betri, yule anasema achana na DS1307 kanunue DS3231, moduli nyingine ya saa, na mtoto wa watu ashaanza kuhesabu hela ya kushuka mjini.

Moduli ni nzima, na DS3231 ingempa majibu yale yale. Ziangalie vizuri hizo namba, baada ya 9 inakuja 16, baada ya 25 inakuja 32, na ikifika 89 inarudi sifuri. Sasa ziandike kwa heksa, yani kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi: 09, 10, 19, 20, 59, 00. Umeona eeh? Chipu inahesabu sekunde kama wewe na mimi tunavyohesabu, makumi kivyake na mamoja kivyake, biti nne za chini (biti ni 0 au 1) kwenye baiti, yani kifurushi cha biti nane, zinabeba mamoja na zile za juu zinabeba makumi (ile ya juu kabisa kwenye baiti ya sekunde ina kazi nyingine, ya kusimamisha saa, kwa hiyo itoe kwenye namba uliyosoma kabla hujaitumia). Mtindo huo ndo BCD, kila tarakimu na biti zake nne. Chalii yeye kaisoma baiti nzima kama namba ya kawaida ya baineri, ile ya 0 na 1 tu, afu akaigawa kwa 10 ili apate tarakimu za kuweka kwenye displei, na Arduino ikamjibu kwa uaminifu kabisa kwamba 0001 0000 ni kumi na sita. Kweli ni kumi na sita.

Kinachochekesha ni kwamba hapo hakukuwa na hesabu ya kufanya. Displei inataka tarakimu moja moja, chipu imeshakupa tarakimu moja moja, nusu ya juu peleka kwenye makumi, nusu ya chini peleka kwenye mamoja, umemaliza, nenda kanywe chai.

Naandika hii kwa sababu swali lenyewe, la kuhama kati ya baineri na desimali (tarakimu zetu za kumi), linarudi kila mara kwa sura tofauti. Nikikaa na vijana wanaojifunza FPGA (chipu ambayo mageti yake unayapanga mwenyewe) hapa mjini naona wengi wanakimbilia kukariri ile kanuni ya "ikizidi nne ongeza tatu", nitaifikia mbele, na kuimwaga kwenye kila mradi, hata ambapo haihitajiki, na hakuna anayejiuliza kwanza kumi inaingilia wapi kwenye sakiti yake. Ndani ya chipu hamna kumi jamani, kuna waya zenye umeme na zisizo na umeme. Kumi ni ya kwetu sisi, tunaitaka pale mwisho tu ili macho yetu yasome. Mlango inapoingilia unauchagua wewe unayechora sakiti, na ukiuchagua vizuri nusu ya kazi inapotea yenyewe.

Mfano, kama kazi yako ni kuhesabu tu, saa, kaunta ya watu mlangoni, kaunta ya chupa kwenye mashine, usihesabu kwa baineri kabisa. Hesabu kwa kumi tangu mwanzo. Kaunta ya biti nne inayoenda 0 mpaka 9 afu inarudi sifuri na kumpiga mwenzake wa makumi kiwiko, basi, zipange tatu una mpaka 999. Wazee walikuwa na chipu ya 7490 kwa kazi hiyo, na ile CD4026 ndo kabisa, inahesabu na inawasha taa saba za displei yenyewe bila msaidizi. Kwenye FPGA ni mistari michache ya Verilog, lugha ya kuandikia sakiti. Nimeona mtu kaandika kaunta ya biti 16, afu kageuza kuwa desimali kwa sakiti kubwa kuliko kaunta yenyewe, kwa ajili ya kuhesabu mpaka 500. Mageti ni yake, ayatumie anavyotaka, ila roho iliniuma.

Shida ya kweli inaanza namba inapotoka kwenye kipimo au kwenye hesabu. Jumamosi tunakutana Kijenge machalii kadhaa na bodi moja ya FPGA ambayo tunaigombania, na mradi wetu wa sasa ni mizani ya gunia. Ile chipu ya HX711 inasoma chuma cha kupimia uzito na kutoa namba ya biti 24 yenye alama ya chanya au hasi, unatoa uzito wa sahani, unaibadilisha kuwa gramu, na mwisho unabaki na namba ya baineri. Tukisema mizani yetu mwisho kilo 150, hiyo ni gramu 150,000, zinaingia kwenye biti 18. Sasa biti 18 hizo zigeuzwe tarakimu sita. Ukizikata nne nne ukazipeleka kwenye 7447 (chipu ya kuwasha taa saba za displei) moja moja hupati desimali, unapata uchafu, na 7447 ikipewa kitu kilichozidi 9 inachora vialama vya ajabu ajabu kama maandishi ya majini. Ukiviona hivyo kwenye displei yako jua kabisa kuna baineri mbichi imepenya mahali.

Cha kwanza kila mtu anaandika ni kugawa. Baki ya kugawa kwa 10 ni mamoja, gawa tena baki ni makumi, endelea. Kwenye kompyuta ni sawa kabisa na wala sibishi. Kwenye Verilog utaandika ule mkwaju (/) wa kugawa na ile asilimia (%) ya kupata baki, programu ya kutafsiri itakukubalia bila kelele, afu itakujengea mnyororo mrefu wa visakiti vya kutoa, kimoja kinamsubiri mwenzake, na unataka tarakimu sita kwa hiyo minyororo imefuatana. Ukija kuangalia ripoti ya muda unakuta njia imekuwa ndefu mno kwa kloki yako, yale mapigo yanayoiendesha sakiti. Kugawa ndo hesabu ghali kuliko zote nne kwenye sakiti, ndo maana chipu ndogo kama ile ATmega328 ya Arduino Uno haina hata amri ya kugawa, inagawa kwa programu hatua kwa hatua.

Basi hapo ndo inaingia ile kanuni ya kusogeza na kuongeza tatu, wenyewe wanaiita double dabble. Wengi wanaifundishwa kama dua, hawaelewi kwa nini inaitika. Chukua 157. Kwa baineri ni 10011101. Isome kutoka kushoto, biti moja moja, na kila unaposoma biti zidisha ulichonacho mara mbili kisha jumlisha hiyo biti. Unaanza na 1. Inayofuata ni 0, mara mbili ni 2. Tena 0, ni 4. Inakuja 1, mara mbili ya 4 jumlisha moja ni 9. Afu 19, afu 39, biti ya sifuri inakupa 78, ya mwisho inakupa 157. Huo ndo mchezo wote, kila namba ya baineri iko hivyo, mara mbili jumlisha biti, mara mbili jumlisha biti. Sasa kama hiyo "mara mbili" utaifanya kwa desimali, yani kwa tarakimu zilizokaa kwenye visanduku vyake vya mamoja, makumi na mamia kama tulivyofundishwa darasa la pili, basi ukifika biti ya mwisho jibu tayari liko kwa desimali, hakuna mahali umegawa.

Kwa hiyo swali linabaki moja tu, sakiti inazidishaje mara mbili tarakimu ya desimali? Kusogeza biti kushoto ni mara mbili, hilo ni bure, ni waya tu. Tarakimu ikiwa 0 mpaka 4 hamna neno, mara mbili yake haifiki kumi. Ikiwa 5 kwenda juu ndo inabidi kubeba moja kupeleka kisanduku cha pili. Na tatizo ni kwamba kisanduku cha biti nne ni kama Hiace ya siti 16 ambayo imeruhusiwa abiria 10, yenyewe haioni sababu ya kumwaga mtu mpaka siti zote zijae. Inabidi umdanganye kwamba zile siti 6 za ziada zimeshakaliwa. Jumlisha 6 baada ya kuzidisha, au, kwa kuwa kinachofuata ni mara mbili, jumlisha 3 kabla. Hiyo ndo tatu yenyewe inakotoka, nusu ya sita, na sita ni 16 toa 10.

Kwa nini kabla na sio baada? Hapa ndo napendaga. Ukisubiri baada ya kusogeza, tarakimu 8 na 9 zimeshakuwa 16 na 18, biti imeshadondoka nje ya kisanduku, itabidi ukague vitu viwili, kama kilichobaki kimezidi 9 na kama kuna kilichodondoka. Ukiongeza kabla, 5 inakuwa 8, 6 inakuwa 9, na kuendelea mpaka 9 inakuwa 12, zote bado ziko ndani ya biti nne, na zote tano zina kitu kimoja, biti ya juu ni 1. Tarakimu zisizohitaji kubeba, 0 mpaka 4, biti yao ya juu ni 0. Kwa hiyo ukisogeza, ile biti ya juu inatoka kwenye kisanduku chake na kutua kwenye kisanduku cha jirani, na hiyo ndo "beba moja". Haihitaji waya wa ziada wala sakiti ya kubeba. Aliyeitunga alikuwa amekaa akatulia.

Tuione hatua ya mwisho ya 157 kwa karibu maana ndo yenye fujo. Tuko na 78, makumi 0111, mamoja 1000, na imebaki biti moja ya 1. Zote mbili zimefika tano, kwa hiyo 7 inakuwa 10, yani 1010, na 8 inakuwa 11, yani 1011. Sogeza vyote kushoto, ile 1 iingie kulia kabisa. Mamoja yanakuwa 0111, biti yake ya juu imehamia kwenye makumi. Makumi yanakuwa 0101, biti yake ya juu imehamia mamia, na mamia yanakuwa 0001. Moja, tano, saba. Na ukisoma tena utaona ni ile ile ya ubaoni, nane mara mbili kumi na sita, na moja kumi na saba, andika saba beba moja, saba mara mbili kumi na nne, na moja kumi na tano, andika tano beba moja.

Angalizo dogo, usiongeze tatu baada ya kusogeza mara ya mwisho. Kukagua na kuongeza kunafanyika kabla ya kila kusogeza, na biti zikiisha unaacha. Wengine loopu yao inazidi nusu hatua, tarakimu zote zikiwa 0 mpaka 4 majibu yanatoka sawa, hata moja ikiwa 5 kwenda juu yanaharibika, na wanakesha wanatafuta waya mbovu.

Bei yake sasa. Kisakiti kimoja cha "kama imefika tano ongeza tatu" kina waya nne kuingia na nne kutoka, kwenye FPGA ni LUT nne tu, vile vijedwali vidogo vya majibu vinavyoijenga. Ukitaka jibu la namba ya biti 8 papo hapo bila kloki unahitaji visakiti saba vya namna hiyo, sio zaidi, kwa sababu biti tatu za kwanza haziwezi kufika kumi kwa hiyo hazina haja ya kukaguliwa, na makumi yanaanza kukaguliwa mwishoni kabisa. Enzi za TTL, zile chipu za zamani za familia ya 74, walikuuzia hiyo kitu imeshapikwa, 74185 ya Texas Instruments, ambayo ndani wala haikuwa na mahesabu, ilikuwa ni memori iliyojazwa majibu. Unaweka namba, unasoma jibu. Na hiyo bado ni njia halali, kama namba yako ni ndogo na una memori imelala tu, jaza jedwali uende zako.

Ila kwa mizani mimi nawaambiaga vijana, haraka ya nini? HX711 inatoa vipimo 10 kwa sekunde, au 80 ukiipeleka mbio. Hata kwa 80, katikati ya kipimo na kipimo kuna milisekunde 12.5, na kwa kloki ya 50 MHz hiyo ni mapigo 625,000. Biti zetu 18 kwa njia ya kusogeza moja kwa kila pigo zinakwisha kwa nanosekunde 360. Visakiti sita tu, kimoja kwa kila tarakimu, vinatumika tena na tena. Kujenga mnara mzima wa visakiti ili jibu litoke papo hapo kwa ajili ya mtu anayesubiri gunia la mahindi litulie kwenye sahani ni kujitafutia ripoti mbaya ya muda bure. Hata njia ya kishamba kabisa, kutoa 100,000 mpaka igome, ukahesabu umetoa mara ngapi, afu 10,000, afu 1,000 na kushuka, haifiki mapigo 100. Nimewahi kuitumia na mteja hajawahi kulalamika kwamba desimali zinachelewa.

Kitu ambacho mteja atalalamika ni hasi. Gunia likishuka na sahani ikatikisika, namba inaweza kwenda chini ya sifuri kidogo, na -1 kwa biti 18 ukiisoma bila alama ni 262,143. Mizani tupu inaonyesha kilo 262 na ushee, mama muuza mahindi anakuangalia. Toa alama kwanza, geuza namba kuwa chanya, ndo uiingize kwenye kugeuza desimali, alama iwashe kidashi pembeni.

Kwa walio kwenye Arduino na wenzake, ambao double dabble kwa programu inakuwa ya polepole kidogo, kuna ujanja wa kuzidisha. Namba inayotoka kwenye ADC ya Uno (sehemu inayogeuza volti kuwa namba) ni ya biti 10, 0 mpaka 1023. Izidishe kwa 205 (kwa namba ya biti 32, maana jibu halitoshi kwenye 16) kisha sogeza kulia mara 11, umeigawa kwa 10. Kwa sababu 205 kwa 2048 ni kama moja ya kumi, imezidi kidogo sana. Kile kidogo kinajilimbikiza namba inavyokua, na kinaanza kukuumbua kwenye 1029, ambapo inakupa 103 badala ya 102. Bahati nzuri ADC inaishia 1023. Ukibadilisha bodi ukaweka yenye ADC ya biti 12, ujanja huo unakufa kimya kimya, hakuna atakayekuambia.

Na wala msidhani mashine zote zilikuwa hivi tangu zamani. ENIAC, ile kompyuta iliyotangazwa Marekani 1946, ilihesabu kwa kumi ndani kwa ndani, haikuwa na cha kugeuza. Chipu ya Intel 4004 ya 1971 ilitengenezwa kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Busicom ya Japani, na ndani yake wakaweka amri maalumu ya kurekebisha jumla iwe ya desimali, ile DAA, ambayo ilirudi kwenye chipu za baadaye za Intel miaka na miaka mpaka AMD walipokuja na biti 64 wakaitupa kwenye programu za biti 64. Kikokotoo ni kifaa ambacho binadamu anaandika tarakimu na anasoma tarakimu, kumi iko milango yote miwili, kwa hiyo bora kukaa nayo ndani.

Sasa mfano wa kinyume upo ukutani kwako. LUKU. Tokeni ya LUKU ni tarakimu 20, lakini mita haina shida na tarakimu, inataka biti 66. Kwenye mfumo wa STS ambao mita hizi zinautumia, biti 64 ni ujumbe uliofungwa kwa siri na mbili ni za kuonyesha aina ya tokeni, vyote vinaunganishwa, vinageuzwa desimali ili wewe uweze kubonyeza. Kwa hiyo ukikaa hapo gizani unabonyeza kwa tochi ya simu, mita inabidi irudishe desimali kuwa baineri. Njia rahisi ni kila ukibonyeza, zidisha ulichonacho kwa 10 ujumlishe tarakimu mpya, na mara 10 kwa sakiti ni nafuu, sogeza mara tatu upate mara 8, sogeza mara moja upate mara 2, jumlisha. Au unaigeuza double dabble kinyumenyume, sogeza kulia, kisanduku kikifika 8 kwenda juu toa 3. Ni sakiti ile ile inayotembea kinyume.

Na zile namba ndefu za ziada tulizoambiwa tuingize 2024 zilitokana na biti pia. STS inahesabu dakika tangu 1993 kwa biti 24, dakika 16,777,216, kama miaka 32 hivi, zikaisha Novemba 24, 2024.

Halafu piga hesabu hii. Biti 66 kubwa kabisa ni 73,786,976,294,838,206,463. Ni tarakimu 20 kamili, lakini haifiki tisa ishirini zilizopangwa, iko mbali sana. Maana yake tarakimu mbili za mwanzo za tokeni haziwezi kuzidi 73, hata uwe umenunua umeme wa laki. Fungua SMS zako za zamani uangalie. Ukikuta inayoanza na 8 au 9, ama umenakili vibaya, ama aliyekuuzia ni tapeli.